Sarakasi Katika Ghala la Kahawa

Bi Biubwa, mama yake Hafidhi, alikuwa katika mwaka wa pili wa kutoona chochote ila vivuli, siku alipomwona farasi ukutani.

Yalikuwa masika ya mwaka tisini na sita. Mvua ilikuwa imeishika Tukuyu siku ya tisa, ile mvua yake isiyo na radi wala haraka, na Hafidhi alikuwa amejifungia katika chumba cha giza nyuma ya studio yake, mtaa wa Bagamoyo, akipekua makopo ya negativu aliyoachiwa na marehemu baba yake, Mzee Maulidi. Kazi nyingine hakuwa nayo. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, watu walikuwa wakipeleka filamu zao Mbeya, kwenye mashine inayokutolea picha za rangi kabla hujamaliza chai, na yeye aliyerithi studio ya picha nyeusi na nyeupe alibaki na watu wa pasipoti na wanafunzi wa vitambulisho. Mwaka uliotangulia wagombea wa vyama walimsaidia kidogo, kila mmoja akitaka picha amekunja mikono kifuani. Uchaguzi ukapita, na mikono ile ikaenda zake.

Alichomeka negativu moja kwenye mashine ya kukuzia. Meza ilikuwa imejaa makopo, kwa hiyo akailaza mashine ubavu, picha ikaangukia ukutani, kubwa kuliko mlango. Hapo hapo mama yake akasukuma mlango na kikombe cha chai. Kila siku aliombwa abishe kwanza, maana mwanga huharibu karatasi, na kila siku aliingia tu, kwa sababu kwake yeye hakuna kazi ya maana kuliko chai ya moto. Safari hii alisimama mlangoni. Kikombe kikainama, chai ikamdondokea miguuni, naye hata hakusogea.

"Farasi wa nani huyu?" akauliza. "Mbona wamempaka chokaa?"

Hafidhi hakuutazama ukuta. Alimtazama mama yake. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Alimtambua mwanawe kwa hatua zake, na mkwewe Rehana kwa manukato. Picha ya kushika mkononi ilikuwa kwake kipande cha karatasi na si zaidi. Kumbe kitu kikiwa kikubwa, chenye mwanga, ndani ya giza, bado njia ilikuwapo ya kumfikia.

"Hii ni negativu, mama. Cheupe huwa cheusi, cheusi huwa cheupe. Farasi mwenyewe alikuwa..."

"Mweusi," alidakia Bi Biubwa. "Mweusi kama sufuria ya shughuli. Huyo ni farasi wa sarakasi."

Akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akaomba aonyeshwe nyingine.

Habari za sarakasi ile Hafidhi alikua nazo kama wengine wanavyokua na habari za sungura na fisi. Baba yake ndiye aliyekuwa akizisimulia. Mwaka hamsini na tatu, sarakasi ya bwana mmoja aliyeitwa Fonseka ilikuwa safarini kutoka Nairobi kwenda Nyasa, Malawi ya leo, na malori yake saba, farasi mmoja, ngamia mmoja, mbwa wa kutembea kwa miguu miwili, na Wahindi, Magoa na Wahabeshi wenye kila aina ya ufundi. Walipofika Tukuyu mto ulikuwa umelichukua daraja la mbele. Wakakaa majuma matatu. Hema walilisimamisha kwenye uwanja chini ya boma, na watu wakateremka kutoka Lufingo na kupanda kutoka Kisiba kwenda kumtazama ngamia. Mzee mmoja alimzunguka mara tatu, kisha akauliza anatoa maziwa vibuyu vingapi kwa siku, na je, mgongo ule utapona. Mzee Maulidi, wakati huo kijana mwenye kamera moja na mke aliyemwoa miezi saba nyuma, alipiga picha kila siku mpaka filamu zikamwishia. Hadithi ilikwenda hivyo miaka yote. Baba alisimulia, watoto walicheka, na mama aliwaletea kahawa na kashata, akaketi pembeni akisikiliza na kushona.

Jioni ile Bi Biubwa alikula kama mtu aliyetoka safari. Alimweleza Rehana juu ya yule farasi, akaeleza na kofia ya Bwana Fonseka, na mbwa aliyevaa sketi. Hafidhi alimsikiliza akiwa na tonge mkononi. Tangu baba yake afariki, miaka kumi na miwili, hakuwahi kumsikia mama akiongea mfululizo namna ile. Walipolala alimwambia mkewe kwamba anataka kuitengeneza sarakasi yote kwa ukubwa huo, mahali ambapo mama yake ataweza kuingia na kutembea ndani yake.

Rehana alikuwa mwanamke wa mitumba, mwenye meza yake sokoni, na fikra za mumewe alizizoea.

"Utahitaji mashuka," akasema. "Nina marobota mawili ya mashuka ya hospitali za Ulaya. Hayanunuliki, yana mihuri. Lakini ni makubwa."

Mahali palipatikana bila taabu. Chini ya soko kulikuwa na ghala la kahawa la ushirika. Tangu wanunuzi binafsi waanze kumfuata mkulima mpaka shambani, ghala lile halikuwa na gunia hata moja, ila lilibaki na mlinzi wake, Ezron, aliyeendelea kulilinda kwa mazoea. Ezron alipoelezwa jambo lenyewe aliuliza kama kutakuwa na siasa ndani. Alipoambiwa hakuna, akatoa ufunguo, akasema yeye mwenyewe amechoka kulinda hewa. Ghala halikuwa na dirisha. Mlango ukifungwa saa sita mchana, ndani ulikuwa usiku.

Ilibaki projekta. Moja ilikuwapo kanisani kwa Wamoraviani, ya slaidi, yenye sahani ya kuzunguka, waliyokuwa wakionyeshea picha za Biblia kabla ya video kuingia. Aliyeitunza alikuwa Mzee Andongwisye wa Lufingo, kiongozi wa bendi ya tarumbeta. Hafidhi alimpandia kilima hadi kwake, akamkuta anapogoa migomba, akamweleza. Mzee aliweka panga chini.

"Salakasi ya Fonseka," alisema, kwa Kiswahili chake kisichokuwa na urafiki na herufi r. "Mimi nilipiga talumbeta mle. Mpiga talumbeta wao aliugua malalia, wakaniazima kanisani. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mchungaji alinitoa kwenye bendi mwezi mzima kwa sababu ya zile nyimbo." Akacheka taratibu. "Plojekta chukua. Lakini na mimi nakuja nayo."

Wakafanya kazi majuma matatu. Hafidhi alizinakili negativu za baba yake kwenye filamu ndogo, moja moja, zikatoka picha zenye rangi zake za haki, farasi mweusi na mchanga mweupe. Projekta ya pili aliiunda mwenyewe kwa taa ya mbele ya lori bovu na lenzi ya kamera ya kale. Rehana aliunga mashuka manne manne, akayaning'iniza kutoka kwenye boriti kwa safu tano, yenye nafasi ya mtu kupita katikati, na sakafuni akamwaga maranda ya mbao kama ya hema. Picha ilipotupwa juu yake ilipenya shuka la kwanza, ikatua hafifu kwenye la pili, hata ukawa huwezi kumtazama ngamia bila kujikuta uko ubavuni mwake. Na ghala lilikuwa la bati, lenye upenyo chini. Upepo wa Rungwe ulipoingia ukayatikisa mashuka, farasi alianza kuhema. Ezron alikuwa akipita na fagio wakati hilo linatokea mara ya kwanza. Alisimama, akavua kofia, akaivaa tena.

Lakini katika juma la pili Hafidhi alilifikia boksi la mwisho la baba yake, na chini kabisa akakuta kopo la biskuti lililofungwa kamba. Ndani kulikuwa na filamu tatu zilizoviringwa kwenye leso. Kikaratasi kiliandikwa, kwa mwandiko wa marehemu, "Masika 1953", basi.

Zilikuwa picha za mwanamke kwenye kamba. Alimjua ni nani, kwa kuwa hata katika hadithi alikuwamo: Kamala, binti wa Kihindi aliyetembea juu ya kamba na mwavuli mkononi, uso umepakwa unga mweupe na vidoa viwili vyekundu mashavuni. Filamu ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Kamala juu, watu chini, midomo wazi. Hizo mbili za mwisho hazikuwa na watu. Hema tupu, mwanga wa mchana umepenya turubai, kamba imefungwa chini, usawa wa kiuno, na mwanamke yule yule wa uso mweupe, mwenye suruali pana ya hariri, anatembea. Kulikuwa na picha ya nyayo peke yake juu ya kamba, vidole vimekunjwa kama vya mtoto anayejifunza kusimama. Ya shingo kwa nyuma, nywele zimetoka kwenye kilemba. Ya mwanamke amekaa kwenye maranda baada ya kuanguka, mwavuli umepinduka, anacheka kichwa nyuma.

Hafidhi alikuwa na miaka ishirini katika kazi hii. Alishapiga maharusi mia kadhaa, na alijua bwana harusi anavyotazama. Aliyepiga picha hizi alikuwa akitazama vivyo hivyo. Alihesabu miezi. Mama yake wakati huo alikuwa mke wa miezi saba, yuko nyumbani, pengine anapepeta mchele.

Usiku alimwonyesha Rehana kwa tochi. Rehana aliziangalia kwa muda mrefu kuliko alivyotazamia.

"Marehemu hana wa kumjibia," mwishowe alisema. "Zirudishe kwenye kopo. Mama amebaki na hadithi moja, usiende kuitia mchanga."

Akazirudisha, filamu zote tatu. Aliendelea na kazi, ila sasa kila picha ya baba yake aliyoinakili aliinakili kama anayemwandikia mtu deni. Alikuwa akimpenda baba yake sana. Kumkuta na jambo kama hili, naye hayupo hata wa kugombana naye, kulimchosha kuliko kuning'iniza mashuka.

Siku ya Alhamisi, baada ya adhuhuri, walimleta Bi Biubwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Rehana alimshika mkono. Mzee Andongwisye alikuwa amekaa kwenye kona na tarumbeta lake magotini, kimya, kama walivyopatana. Hafidhi akafunga mlango na kuwasha.

Mama yake aliuachia mkono wa Rehana, akatembea peke yake, polepole, mikono mbele, moja kwa moja kuelekea kwenye mwanga. Alipofika kwa farasi alisimama karibu mpaka kivuli chake kikaingia tumboni mwa mnyama. Akanyoosha mkono akaligusa shuka. Likatikisika.

"Ndiye," alisema. Halafu akavuta pumzi kwa pua. "Lakini hapanuki hivi. Pananuka mbao tu. Kulikuwa na majani mabichi yaliyoanza kuoza, na ngozi ya matandiko, na maganda ya machungwa. Walikula machungwa kutwa wale watu."

Rehana alichukua kila neno. Bi Biubwa alizunguka safu zote tano. Alimcheka ngamia. Alimsalimia Bwana Fonseka kwa kichwa. Hapo Mzee Andongwisye hakuweza kujizuia. Aliinua tarumbeta akapiga ule wimbo wa farasi kuingia, pumzi zimepungua lakini noti zake zote ziko mahali pake, na Bi Biubwa akasimama akitingisha kidole kwa mapigo. Wimbo ulipoisha alimpa mzee pole ya kazi, naye akajibu, "Ndaga fijo, mama," yaani ahsante sana.

Ndipo Bi Biubwa alipogeuka upande aliodhani Hafidhi yupo.

"Kamala yuko wapi?"

Hafidhi alijibu kwamba filamu za yule wa kamba zimeingia ukungu. Hazifai.

"Zote?"

"Zote, mama."

Alidhani amepita salama. Lakini Bi Biubwa alitafuta kwa mkono mahali pa kukaa, akapata kigunia cha maranda, akakaa. Uso wake ulikuwa umeshuka, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba wa mbali. Hakulalamika. Alisema tu kwamba ni mapenzi ya Mungu, ukungu wa Tukuyu unakula hata viatu, na kwamba kazi ni nzuri mno, Mungu ambariki mwanawe. Akaomba arudishwe nyumbani. Njiani hakuongea na Rehana, na chai ya saa kumi siku hiyo hakuipika.

Rehana alirudi ghalani mbio, kitenge kimelowa mvua hadi magotini.

"Nilikosea," alimwambia mumewe. "Anayajua yaliyomo kwenye kopo. Sijui ni nini, lakini anayajua, na alikuja kwa ajili yake. Kamwambie kweli."

Hafidhi alikwenda. Alimkuta mama yake kitandani, ameelekea ukutani. Akakaa sakafuni kama alivyokuwa akikaa utotoni, akamwambia kwamba filamu zipo na ni nzima, kwamba amesema uongo, na kwamba alifanya hivyo kwa kumwonea haya baba yake, maana namna zilivyopigwa si namna ya mtu kumpiga mwanamke asiyekuwa wake. Maneno yalimtoka vibaya. Alipomaliza alingoja kilio.

Kitanda kilianza kutetemeka. Alishtuka, akainuka, akakuta mama yake anacheka. Alicheka mpaka ushungi ukamwanguka.

"Waniambia baba yako alimpenda mwanamke wa kwenye kamba," alisema. "Ni kweli. Alimpenda sana. Mwenye viatu vyeupe ni Kamala, mwanangu. Asiye na viatu ni mimi."

Akakaa vizuri, akaeleza. Nyumba waliyopangiwa watu wa sarakasi ilikuwa ikivuja, na Mzee Maulidi akamleta Kamala kwao, alale na mkewe, yeye mwenyewe akalala studio. Kamala hakujua Kiswahili zaidi ya maneno ya sokoni. Biubwa hakujua lugha yoyote ya Kihindi. Walikuwa na umri mmoja, miaka kumi na tisa. Mvua ilipozuia maonyesho, Kamala alikwenda kujinyoosha kwenye hema tupu mchana, na Biubwa akamsindikiza ashike mwavuli. Siku ya tatu akaomba apande. Kamala alimpa suruali yake ili akianguka asidhalilike, na akampaka uso unga ili mtu yeyote akichungulia aone ni Kamala tu. Viatu havikumtosha.

"Na baba?"

"Baba yako alikuja siku moja kutuletea maandazi, akanikuta juu. Nikajua leo nimeachika." Akaurudisha ushungi kichwani. "Aliweka maandazi chini, akaenda kuchukua kamera."

Siku kumi na mbili alijifunza. Alianguka mara zisizo na hesabu. Siku moja kabla daraja halijatengenezwa alivuka kamba yote, mwanzo mpaka mwisho, na Maulidi alikuwa amebakiwa na filamu moja ya picha kumi na mbili, akaimaliza hapo. Kisha akaapa mbele yake kwamba hakuna atakayeziona, maana mama mkwe alikuwa hai, na mji ulikuwa mdogo, na bibi harusi wa mtu hapandi kamba. Akafunga kopo. Kiapo hicho hakukivunja hata kwa kuzitazama mwenyewe.

Hafidhi alikuwa na maswali mengi. Alichagua moja.

"Mbona hukutuambia, mama? Miaka yote hii. Hata alipokufa?"

"Nani aliniuliza?" Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayetaja siku ya soko. "Mlimwuliza yeye, na yeye alikuwa amefungwa na kiapo. Mimi mliniuliza kahawa iko wapi."

Hafidhi alifanya kazi siku nzima ya Ijumaa, akatoka kwa sala tu. Jumamosi asubuhi walimrudisha mama ghalani. Safari hii palinuka majani, ngozi na machungwa. Rehana alikuwa amewaagiza wauza matunda wote maganda. Zile picha kumi na mbili za mwisho Hafidhi alikuwa amezipanga kwenye sahani ya projekta kwa mfuatano wake. Alimkalisha mama yake mbele, akabonyeza ya kwanza, kisha akaziachia zifuatane haraka kadiri mashine ilivyoweza, tak, tak, tak.

Mwanamke wa miaka kumi na tisa aliinua mguu. Mwavuli ukaenda kushoto. Mguu ukatua, mwili ukayumba, ukajisahihisha. Mashuka yalikuwa yakipepea, na kamba nayo ikawa kama inainama kwa uzito wake. Alipita kutoka shuka la kwanza hadi la pili, akapita juu ya vichwa vyao, na katika picha ya kumi na mbili alikuwa ameshika nguzo ya upande wa pili na kugeuka kumtazama mpiga picha, unga umemwagika shingoni kwa jasho, meno yote nje.

"Lejesha," alisema Mzee Andongwisye kutoka kwenye kona. Alikuwa amesahau tarumbeta.

Walirejesha mara tano. Mara ya tano Bi Biubwa alivua ndala. Hakuna aliyemwambia. Alisimama katikati ya mwanga, macho yake meupe yameelekea juu, na mguu ulipoinuka kwenye shuka, wake nao uliinuka kidogo kwenye maranda. Rehana alitazama pembeni akajipangusa kwa kitenge.

Mzee Andongwisye alikiri siku hiyo kwamba alijua. Alichungulia hemani mara moja, kijana wa miaka kumi na sita, akaona Kamala wawili, mmoja anamshika mwenzake mkono. Hakumwambia mtu. Alisema wakati ule alijua akisema atafukuzwa hemani, na baadaye aliona si habari yake.

Swali la kama picha zile zionyeshwe kwa watu, Hafidhi hakutaka kuliamua yeye. Mama yake aliliamua kabla hajamaliza kuliuliza. "Nina miaka sitini na miwili," alisema. "Mama mkwe yuko kaburini, na mume aliyetakiwa kuniacha ndiye aliyepiga picha. Fungua mlango."

Mlango ulifunguliwa siku ya gulio. Siku ya kwanza waliingia watu wa sokoni, na wengi walitoka wakakaa kwanza kwenye ngazi kabla ya kwenda zao. Siku ya pili habari ilikuwa imefika Kisiba. Wazee waliomwona ngamia wakiwa vijana walikuja na wajukuu, wakawasogeza mbele, wakawaambia, mnaona, mlisema mimi mwongo. Kiingilio kilikuwa ganda la chungwa, kwa amri ya Rehana, na asiyekuwa nalo aliingia tu. Walikuwapo walionong'ona. Jirani mmoja, mwanamke wa rika lake, alimfuata Bi Biubwa nyumbani kumwambia kwamba mambo mengine ni ya kustiri. Bi Biubwa alimpa kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza na yeye alifanya nini cha siri alipokuwa na miaka kumi na tisa. Jirani alikaa mpaka magharibi. Walisikika wakicheka kutoka barabarani, na siku iliyofuata aliingia ghalani mara mbili.

Mwenyewe Bi Biubwa alikuwa akiketi mlangoni kila mchana, amevaa gauni la Idi. Wasichana wa sekondari walimzunguka wakitaka kujua kamba inauma nyayo kiasi gani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Hafidhi alisikia watu wakimwita mtu "mtoto wa Bi Biubwa", na ilimchukua muda kutambua ni yeye.

Ilidumu majuma matano. Kisha ushirika ukapata mnunuzi wa ghala, mtu wa mbao kutoka Mbeya, na Ezron akaja na kofia mkononi kusema ufunguo unatakiwa. Hakuna aliyehuzunika sana. Mashuka yalikuwa yameanza kuota ukungu, na Mzee Andongwisye alikuwa na harusi tatu za kupiga. Walishusha kila kitu Jumatatu moja, Rehana akayafua mashuka, akayagawa kwa wanawake waliokuwa karibu kujifungua.

Jioni hiyo Hafidhi hakwenda studio. Alichukua kigoda akakiweka barazani karibu na mama yake, akamimina kahawa vikombe viwili mwenyewe. Mvua ilikuwa imekatika, Mlima Rungwe umetoka wote. Alimwuliza alikuwa nani kabla ya kuja Tukuyu, kabla ya baba, kabla ya yote. Bi Biubwa alikizungusha kikombe mkononi, akifikiri aanzie wapi. Akaanzia Kilosa, kwenye chumba kimoja nyuma ya stesheni, na baba yake aliyekuwa fundi viatu mwenye sauti nzuri, na Hafidhi akasogeza kigoda karibu.